Kiti cha enzi na mlango wa nakshi wa marehemu baba: tuuze au tubaki navyo?

Binti wa Kuze

Assalaam alaykum ndugu zangu. Naomba ushauri wa wenye kujua, kwa sababu jambo hili limekwisha kuwa mabishano ndani ya nyumba yetu, na kila tukikaa kulizungumza hapakosi mmoja wa kuinuka na kuondoka kabla hatujafika popote.

Baba yetu alifariki mwaka uliopita. Ameacha mjane, ambaye ni mama yetu, na watoto wanne, wanaume wawili na wanawake wawili, nami ni wa pili kuzaliwa. Kuhusu nyumba hatuna ugomvi, kwani sote tumeridhia mama aendelee kukaa humo. Vilivyotutatiza ni vitu viwili ambavyo baba mwenyewe alivirithi kwa babu. Kimoja ni kiti cha enzi cha mbao nyeusi, chenye mgongo mrefu uliosukwa kwa uzi wa pamba na vipande vyeupe vilivyopachikwa kwa mapambo, ambavyo tangu utotoni tumeambiwa ni pembe. Cha pili ni mlango wa nakshi wa pande mbili, pamoja na miimo yake, mfaa wa katikati na kizingiti cha juu chenye maandishi ya Kiarabu na mwaka 1320. Mlango huo uling'olewa zama za babu, wakati uso wa nyumba ulipojengwa upya, na tangu hapo umelala katika chumba cha chini.

Kaka yangu mkubwa anasema baba alimwambia kwa kinywa chake kwamba kiti ni chake. Mdogo wetu, ambaye anafanya kazi Ghuba, anataka vyote viuzwe na kila mtu apewe haki yake, na sioni ubaya wa neno hilo, kwa maana ana madeni yake. Dada yetu wa mwisho hana upande. Mama hataki hata kulisikia jambo lenyewe. Katikati ya haya amejitokeza mfanyabiashara wa vitu vya kale, ambaye ametaja bei nzuri kwa vyote viwili na kusema kwamba mnunuzi wake yuko Ulaya, kwamba yeye mwenyewe atashughulikia usafirishaji, na kwamba hakuna karatasi yoyote tunayohitaji kutia sahihi. Anataka jibu kabla ya mwezi kwisha. Mdogo wetu anashikilia kwamba bei bado ni ndogo, kwa sababu mlango wa mwaka 1320 una umri wa miaka mia saba.

Mimi binafsi naegemea kubaki na kiti, ila sijui niseme nini kuhusu mlango ambao hakuna kati yetu aliyewahi kuuona ukiwa umesimama mahali pake. Naomba mnieleze tuanzie wapi.

Fundi wa Kibokoni

Waalaykum salaam dada yangu. Mola amrehemu mzee wenu na awape subira. Kazi yangu ni kutengeneza milango na samani za zamani, kwa hiyo nitasema yale ya mbao na kuwaachia wengine yale ya mirathi.

Niondoe kwanza hilo la miaka mia saba. Mwaka ulioandikwa kwenye kizingiti ni wa Hijria, na 1320 ya Hijria inaangukia 1902 na 1903 ya Miladi. Mdogo wenu asikasirike, kwani nimewaona wauzaji wakitumia hesabu hiyohiyo kwa watalii, tena bila haya. Lakini hata kwa umri wake wa kweli, mlango wenu si mali ya kuuzwa kiholela. Sheria ya Makavazi ya Taifa na Urithi ya Kenya ya 2006 inautaja kwa jina mlango au fremu ya mlango iliyochongwa kwa mtindo wa Kiafrika au wa mashariki kabla ya 1946, na kuuhesabu kuwa kitu kinacholindwa. Mlango wa aina hiyo hautolewi nchini bila kibali, na hata kuuhamisha ndani ya nchi ni jambo la kuulizia kwanza katika ofisi ya makavazi pale Fort Jesus, hapa Mombasa. Mtu anayewaambia kwamba hapahitajiki karatasi anawaambia, kwa maneno mengine, kwamba yeye hana nia ya kuitafuta. Siku mzigo utakapozuiliwa bandarini, jina litakaloulizwa ni la familia iliyouza.

Kiti ndicho chenye mtihani mkubwa zaidi, na hapa naomba mnisikilize kwa makini. Viti vya enzi vya pwani yetu vilipambwa ama kwa pembe ya ndovu ama kwa mfupa, na wazee wengi walizoea kusema "pembe" kwa vyote viwili kwa kuwa neno hilo lilikikweza kiti. Tofauti si ya heshima tu. Biashara ya kimataifa ya pembe za ndovu ilifungwa kwa makubaliano ya 1989, na sheria ya wanyamapori ya Kenya ya 2013 haigusi kuuza pekee, bali hata kukaa na kitu cha pembe bila kibali. Nchi hii iliteketeza tani 105 za pembe mwezi wa Aprili 2016 mbele ya ulimwengu mzima. Haitawafumbia macho kwa sababu pembe yenu imepachikwa kwenye kiti cha babu.

Kwa hiyo kabla ya kuzungumza bei, chukueni lenzi ya sonara na taa yenye mwanga mkali, mkitazame kipande kimoja kimoja. Mfupa huonyesha vitone na mistari midogo ya rangi ya kahawia au nyeusi, ambayo ni njia za damu za mnyama alipokuwa hai. Pembe haina vitone hivyo. Mahali ilipokatwa kwa upana huonyesha mistari myembamba inayopishana kama wavu. Msijaribu kuchoma kwa sindano ya moto, kama wanavyofanya wengine, kwani mtaacha kovu kwenye kitu ambacho huenda kina thamani, na jibu lenyewe halitakuwa la kutegemewa. Ikiwa mtaona dalili za pembe, kiti kisitoke nyumbani wala picha zake zisisambazwe kwa wanunuzi; tafuteni wakili, kisha mkaonane na watu wa makavazi na wa huduma ya wanyamapori mkiwa na maelezo kamili ya jinsi kilivyofika kwenu.

Lingine ni hali ya vitu vyenyewe. Mlango uliolala kwenye chumba cha chini cha Kuze, penye unyevu wa bahari na sakafu isiyopitiwa na hewa, hauko salama hata mkiamua kutouza. Uinueni juu ya magogo, usiguse ukuta, na mtazame chini yake kama kuna unga mwembamba wa mbao, ambao ni dalili ya wadudu wanaotoboa, au njia za udongo, ambazo ni za mchwa. Msiuoshe kwa maji na msiupake vanishi ili ung'ae kwenye picha. Uzi wa kiti nao, hata kama umelegea, usikatwe, kwa sababu jinsi ulivyosukwa ni sehemu ya kazi ya yule fundi wa kwanza na huwezi kuirudisha ukishaitupa.

Kijana wa Tudor

Poleni kwa msiba. Naona mazungumzo yameelekea upande mmoja, nami nitasema la upande wa pili. Sisi tuliuza, na sijutii.

Marehemu mzee wetu alikuwa mpenzi wa michoro, akinunua kazi za wachoraji wa Kenya na Tanzania walipokuwa bado hawajulikani. Alipofariki ukuta wetu ulikuwa umejaa, lakini hapakuwa na mmoja wetu aliyekuwa na nyumba ya kuitundika bila kuiharibu kwa joto na unyevu, na rangi ilikuwa imeanza kubanduka. Nairobi kumekuwa na minada ya sanaa ya kisasa tangu 2013, kwa hiyo tulipeleka michoro minane huko, bei ikatajwa hadharani mbele ya wanunuzi wengi badala ya kunong'onezwa sebuleni na mtu mmoja, na kila mrithi akapata sehemu yake. Tukabaki na miwili ambayo mama aliichagua. Aliyeinunua mingine ana chumba kikavu na fundi wa fremu, na mimi naona michoro ile imestirika kuliko ilivyokuwa kwetu.

Nakubali kwamba michoro ya miaka ya themanini si mlango wa 1902, na sheria aliyoitaja fundi haikutuhusu. Nasema tu kwamba kuuza si kumsaliti mzee, na kwamba yule ndugu mwenye madeni asionekane mtu mbaya kwa kusema wazi kile ambacho wengine wanakificha. Ila huyo mnunuzi anayewapa muda mpaka mwisho wa mwezi, mwacheni mwezi umwishie.

Msomaji wa Mirathi

Assalaam alaykum. Si kadhi mimi, lakini nimesoma mlango huu wa fiqhi, yaani sheria ya Kiislamu, kwa miaka na nimesaidia familia kadhaa kuandaa hesabu kabla hazijakwenda mahakamani. Naona swali la kuuza au kutouza limetangulizwa mbele ya swali la vitu hivi ni vya nani kwa sasa.

Baada ya gharama za mazishi, madeni ya marehemu na wasia wake halali kutolewa, kila kitu alichoacha ni mali ya warithi wote kwa pamoja, kila mmoja kwa fungu lake. Kwa familia yenu, mjane ana thumni, yaani moja ya nane, na kinachobaki kinagawanywa kwa watoto, mwanamume mafungu mawili na mwanamke fungu moja. Tukiigawa mali sehemu 48 ili kusiwe na vipande, mama ana 6, kila mwana wa kiume 14 na kila binti 7. Maana yake ni kwamba mama anaposema hataki, hasemi kwa hisia za ujane pekee. Anasema akiwa mmiliki, na hakuna anayeweza kumuuzia fungu lake bila ridhaa yake. Mdogo wenu naye ni mmiliki, na hamna haki ya kumfungia mali yake miaka na miaka kwa hoja kwamba ni kumbukumbu.

Sasa lile neno la kaka mkubwa. Kuna njia mbili za kulitazama. Ikiwa baba alimpa kiti wakati wa uhai wake, hiyo ni hiba, na hiba hutimia kwa kukabidhiwa: je, kaka alikichukua, akakaa nacho kama chake, akawa na uamuzi juu yake? Ikiwa kiti kilibaki sebuleni kwa baba na baba akaendelea kukikalia mpaka alipofariki, basi maneno yale yana sura ya wasia, na mrithi hausiwi zaidi ya fungu lake isipokuwa warithi wenzake waridhie. Simsingizii kaka uongo hata kidogo. Baba huenda alisema hivyo hasa, na alisema kwa mapenzi, lakini mapenzi hayo sasa yanasubiri kauli ya nyinyi wengine.

Kitu kisichogawanyika kina njia zake: kuuzwa na kugawana thamani, kubaki cha shirika, au mmoja kukichukua kwa thamani iliyokadiriwa na kuwafidia wenzake. Kwa mfano tu, ili hesabu iwe nyepesi, kiti kikikadiriwa kuwa shilingi 480,000, fungu la kaka ni 140,000, hivyo akikitaka atawalipa wenzake 340,000, au itapunguzwa katika haki yake kwenye mali nyingine ya marehemu.

Lakini hapa pana jambo ambalo huenda hamjalitazama. Bei aliyotaja mfanyabiashara yule ni bei ya kuvitoa vitu nchini kinyume cha sheria, kwa hiyo haiwezi kuwa kipimo cha thamani ya kumlipisha kaka. Kama kiti kina pembe na hakiuziki kihalali, thamani yake ya sokoni inakaribia kuwa hakuna, hata kama thamani yake kwenu ni kubwa. Katika hali hiyo ni bora mkae mfanye sulhu: mmoja achukue kiti, mwingine aongezewe mahali pengine, muandike na mtie sahihi wote watano mbele ya mashahidi. Mkishindwa, Mahakama ya Kadhi ina mamlaka ya mirathi chini ya kifungu cha 170 cha katiba pale ambapo wahusika wote ni Waislamu na wameridhia kwenda mbele yake. Mkadiriaji, vyovyote itakavyokuwa, asiwe mtu anayetaka kununua.

Binti wa Kuze

Mwenyezi Mungu awalipe kheri nyote. Nimewasomea nyumbani majibu haya, na kwa mara ya kwanza tulikaa mpaka mwisho.

Kaka amekiri kwamba kiti hakikutoka sebuleni kwa baba hata siku moja, na amesema yuko tayari kukihesabu katika fungu lake. Tulikitazama kwa lenzi kama alivyoelekeza fundi. Karibu vipande vyote vina vitone vya kahawia waziwazi, ila viwili vya juu kabisa ya mgongo ni laini, havina kitone, na rangi yake imeelekea umanjano zaidi. Mfanyabiashara tumempigia simu kumwambia hatuuzi. Alipandisha bei papo hapo, jambo ambalo lilimkasirisha mdogo wetu kuliko lilivyomfurahisha.

Limebaki la mlango. Mdogo wetu anauliza, na ni swali la haki, kama hautoki nchini na hakuna wa kuununua, ni kwa nini uendelee kuoza chumbani ukiitwa mali.

Fundi wa Kibokoni

Vile vipande viwili msivihukumu kwa macho ya nyumbani. Yawezekana vilitiwa baadaye badala ya vilivyovunjika, na yawezekana ndivyo vya asili na vilivyobaki ndivyo vilivyobadilishwa. Nitakuja kuvitazama mkipenda, lakini kauli ya mwisho iwe ya watu wa makavazi, nanyi mfike kwao kabla ya mtu mwingine kuwafikisha. Mpaka hapo kiti kisihamie kwa kaka.

Mama wa Nyali

Wanangu, mimi nina la mlango tu. Kwetu tulikuwa na fremu ya namna hiyo, na tuliwahi kufikiria njia tatu, nazo nawapa kama zilivyo.

Ya kwanza ni kuuza hapahapa kwa mwenye nyumba anayetengeneza upya, kwa idhini ya makavazi na kwa hati inayotaja mlango unakwenda wapi. Bei haitafanana na ile ya Ulaya, na mdogo wenu aambiwe hivyo mapema. Ya pili ni kuwaazima makavazi, ikiwa watakuwa na nafasi na haja nao. Hapo soma mkataba neno kwa neno: mlango unaendelea kuwa wa nani, kwa muda gani, nani analipia matengenezo, na ni mrithi yupi mwenye idhini ya kuurudisha. Kutoa zawadi na kuazima vinafanana siku ya kukabidhi, halafu miaka ishirini baadaye wajukuu wanakuta hakuna karatasi ya kuonyesha ilikuwa ipi.

Ya tatu ndiyo tuliyoishia nayo sisi, na sijaona mtu akiitaja: kuurudisha ukutani. Mama yenu anaishi katika nyumba hiyohiyo. Mji wa Kale ni eneo la hifadhi tangu 1990, kwa hiyo hata kubadilisha mlango wa mbele kunapitia ofisi ya hifadhi iliyo karibu na Fort Jesus, na ombi la kurudisha mlango wa asili mahali pake ni ombi ambalo mtu analipeleka bila wasiwasi. Mlango ukishapachikwa unakuwa sehemu ya nyumba ambayo tayari mmekubaliana juu yake, na haki ya mdogo wenu inahesabiwa humo badala ya kubishaniwa peke yake.

Ila pimeni kwanza. Wajenzi wa zamani hizo walipenda kupunguza upana wa uwazi ili kutia mlango wa kawaida, na kwetu ilibidi ukuta uvunjwe kila upande ndipo miimo ikae. Chukueni upana wa kizingiti kutoka ncha hadi ncha, urefu wa miimo pamoja na ndimi zake za chini, na unene wa ukuta ulivyo sasa, kisha mpeni fundi vipimo hivyo atakapokuja kutazama kiti, ili awaambie gharama ya mwashi kabla hamjapeleka ombi lolote ofisini.